Kahindo wa Redio

Kifo cha Mama Anjela nilikisikia redioni, nikiwa dukani kwangu hapa Butembo, napima maharagi ya mteja. Msomaji wa matangazo, kijana mwenye haraka, alianza na mbuzi aliyepotea, akaendelea na mkutano wa wazazi wa shule, kisha akasema kwamba Mama Anjela wa Beni, yule wa nyumba ya bluu karibu na hospitali, ametutoka, na kwamba ndugu na marafiki wote wa Butembo, Musienene, Mabalako na Mbau wanajulishwa. Halafu likaingia tangazo la sabuni. Mimi nilibaki na kopo la kupimia hewani. Mteja akaniuliza, "Mama, uko muzima?" nikamjibu vibaya, maana ndivyo nilivyo nikiumia, kisha nikamwomba radhi, nikamwongezea maharagi, nikafunga duka mchana kweupe. Majirani walitoka kutazama. Hawajawahi kuniona nafunga kabla ya giza, hata siku ya mvua ya mawe. Nilitia kikwembe cheusi cha kujifunga na sweta mkobani, nikaenda kutafuta gari la kushuka Beni, na njia nzima nikawa nawaza kwamba mwanamke huyo aliingia maishani mwangu kwa redio na ametoka kwa redio, na katikati ya matangazo hayo mawili kuna swali moja ambalo sikuwahi kulipatia jibu.

Ninyi mliokua na simu mfukoni itabidi mnivumilie kidogo. Ujanani mwangu, mtu wa milimani akitafutwa aliitwa redioni. Asubuhi kabla ya kwenda shamba, na jioni watu wanapongoja chakula kiive, msomaji alisoma matangazo ya watu: fulani arudi nyumbani, baba ni mgonjwa, fulani akapokee mzigo wake kwa dereva fulani. Tuliyasikiliza yote, na hasa yale yasiyotuhusu. Shida ilikuwa majina. Sisi Wanande hatumtafutii mtoto jina kwa kumwangalia uso. Jina linamsubiri kwa zamu yake ya kuzaliwa. Mvulana wa kwanza ni Paluku, anayemfuata ni Kambale, na kuendelea, na msichana akizaliwa nyuma ya wavulana huitwa Kahindo, yaani amegeuza, amebadilisha mambo. Kwa hiyo mlima mmoja unaweza kuwa na kina Kahindo wa kujaza kanisa, na kina Paluku wa kuwazaa wote. Simama Musienene siku ya soko uite "Kahindo wa kwa Paluku!" uone nusu ya wauza viazi wanavyogeuka. Wenye akili walipeleka redioni jina pamoja na la mto, au la ukoo, au kazi ya baba. Wengine walisahau.

Mwaka ninaousimulia ulianza vibaya. Habari za ukoo wangu nitawaachia wanaozipenda. Inatosha kusema kwamba nilikuwa msichana mkubwa, nimechumbiwa, na mchumba wangu alishuka Butembo kutafuta mabati ya nyumba yetu, akaoa huko huko. Mbuzi wake wa kwanza wa mahari walikuwa bado wamefungwa uani kwetu, wanalia asubuhi na jioni. Kila aliyepita njiani aliwaangalia wale mbuzi, akaniangalia mimi, kisha akasema, "Pole, mwanangu." Nilizichukia pole zile kuliko alichonitenda yule kijana. Nilichoogopa hasa si kukosa mume. Niliogopa kwamba niko bure. Kwamba Mungu ana jambo lake kubwa analoliendesha tangu alipoumba dunia, watu wengine amewaingiza ndani yake, na mimi nimesahaulika nje kama kikapu cha shambani. Jioni moja, nikimenya viazi, nilimwambia Mungu, kwa jina tunalomwita sisi Wanande, kwa ukali ambao mama yangu angenichapa kwa ajili yake: "Nyamuhanga, kama uko na kazi na mie, niite kwa jina. Kama haiko, sema, nijue." Asubuhi iliyofuata tulikuwa tunakunywa uji. Redio ikasema Kahindo wa kwa Paluku, wa Musienene, anaombwa afike Beni kwa Mama Anjela, karibu na hospitali, bila kukosa, kuna kazi inamngojea.

Mama yangu aliweka kikombe chini. "Mama Anjela? Ni nani ile?" Baba akasema hamjui, "mais radio imesema," yaani lakini redio imesema. Mama akataka twende kwanza kumwuliza katekista, ambaye alijua watu wa kila mahali, lakini katekista alikuwa safarini vijijini, na wakati wanabishana juu ya lini atarudi mimi nilikuwa tayari nakunja vikwembe. Sikuuliza kitu. Mtu ameomba aitwe kwa jina, ameitwa kwa jina, atauliza nini tena? Nilipita mbele ya wale mbuzi bila kuwaangalia, na kwa mara ya kwanza tangu nichekwe na ulimwengu nilijisikia mrefu.

Beni ilinipokea kwa joto. Sisi wa milimani tumezoea ukungu na sweta. Nilifika nikiwa nimelowa jasho, na sweta hiyo hiyo nimeivaa kwa ukaidi. Nyumba ya bluu ilikuwa na sebule ya viti vilivyofunikwa vitambaa vya kufuma, kalenda ya parokia, na juu ya kabati redio iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli ili betri zisidondoke. Kati ya sebule na jiko hapakuwa na mlango, ni pazia tu la kikwembe kuukuu chenye picha za samaki. Jikoni palinuka mawese na moshi. Mama Anjela mwenyewe alikuwa mfupi, mnene, mwenye sauti ya kuita mtu ng'ambo ya bonde, mbahili wa chumvi kupita mtu yeyote niliyewahi kula kwake, na redio ikikwaruza aliipiga kofi. Aliniangalia toka kichwani mpaka miguuni.

"Weye ni nani?"

"Mie Kahindo. Radio iliniita."

"Ya kwa Paluku? Ya Musienene?"

"Ndiyo, Mama."

"Bon. Vua sweta, utakufa. Mayi iko mu pipa, nawa mikono, unisaidiye kuchambua maharagi." Akanitazama tena kidogo. "Balisema uko mupole," akasema, kama mtu aliyenunua kitu gizani.

Kazi yenyewe niliijua kesho yake. Kwetu mgonjwa halazwi hospitalini peke yake. Munganga atatoa dawa na sindano. Kupika, kuosha, kumgeuza mtu kitandani, kuteka maji, kumwita munganga mambo yakiharibika, hiyo ni kazi ya mlinzi wa mgonjwa, naye ni mke, au dada, au mtoto, anayelala na sufuria zake chini ya kitanda. Mtu akiletwa, kabla hata ya kuulizwa anaumwa wapi, huulizwa, "Mulinzi yako iko wapi?" Sasa wapo wanaoletwa bila mtu. Mfanyabiashara aliyeanguka njiani, mama aliyetoka Mabalako na mtoto mgongoni na wengine amewaacha nyumbani, mzee ambaye watoto wake wametawanyika. Hao walikuwa wa Mama Anjela. Alikuwa mlinzi wa wasio na mlinzi, na miguu yake ilikuwa imeanza kuvimba, ndiyo maana alihitaji mikono ya mtu mwingine.

Mikono yangu haikufaa. Naisema wazi na bado naicheka. Nilitapika uani siku ya kwanza. Bundu langu, ndio ugali wetu, lilikuwa na madonge, sombe yangu ya majani ya muhogo ilikuwa na mchanga, na ulimi wangu ulikuwa mkali kuliko pilipili. Nilimwambia mgonjwa mmoja kwamba kama anataka mto laini arudi kwao. Mgonjwa niliyekabidhiwa kwa muda mrefu kuliko wote alikuwa Mzee Ramazani, dereva wa lori aliyevunjika mguu gari lilipoteleza kwenye matope karibu na Mbau. Kwake kulikuwa Kisangani, na mkewe alikuwa huko, njia imekatika kwa mvua. Mzee Ramazani alinizidi kwa hasira. Alikula kuku aliyechinjwa na jirani Mwislamu tu, na kila siku ya kuku aliniuliza kama mchinjaji ni yule yule, na kila siku nilimjibu kwamba sijamchinja mimi, atulie. Alisali amelala, macho yamefumba, vidole vikicheza juu ya blanketi, na wakati huo chumba kizima chenye vitanda vya chuma na sufuria na watoto kilipunguza kelele bila kuambiwa. Akimaliza alifungua macho na kusema, "Leta ile mawe yako, nikule."

Jioni tulichambua maharagi mlangoni, Mama Anjela na mimi. Huko ndiko alikokuwa anasema mambo yake, katikati ya kulalamikia bei ya makala, yaani mkaa, na mwanamke mmoja wa sokoni ambaye hakusemeshana naye kwa sababu ya nyanya zilizooza. Alipenda watu wadogo wa masomo ya kanisani. Hakujali sana wafalme. Alimpenda yule mwenye punda wa Jumapili ya Matawi, ambaye watu walikuja wakafungua mnyama wake, wakamwambia tu kwamba anahitajiwa. "Hakuambiwa historia yote," alisema, akitupa jiwe dogo alilolitoa kwenye maharagi. "Aliambiwa ya punda. Kisha punda ikarudi nyumbani, ikakula majani, na yeye hapana jua kitu. Historia ya Mungu iko murefu, Kahindo. Mie pia niko mule ndani mahali fulani. Pengine niko jina ya mutu mwenye kupita njiani. Itanitosha." Mimi nilikuwa nasikiliza kwa kiburi kidogo, Mungu anisamehe, kwa kuwa nilijua kitu asichokijua: mimi nilikuwa nimeitwa kwa jina. Siku zile bundu langu bado lilikuwa na madonge, lakini nilikuwa nalipika kama mtu aliyetumwa, na wagonjwa walikuwa wameanza kuniita Kahindo wa Redio, na jina hilo nililivaa kama nguo ya Pasaka.

Kisha akaja katekista mmoja wa Musienene, si yule wetu. Ilikuwa alasiri, nilikuwa jikoni naandaa sombe ya kutwanga, na nilimsikia akikaribishwa sebuleni. Nilimfahamu kwa sauti tu. Parokia yetu ina makanisa madogo mengi, na yeye alikuwa wa upande mwingine wa mlima. Mtu anayetwanga sombe hasikii kitu, na kama ningeendelea kutwanga labda maisha yangu yangekwenda moja kwa moja. Niliacha ili nipumzishe mkono. Nilikuwa nimetoka tu kupeleka vikombe, alikuwa ameniona.

"Mama, huyu haiko yeye," alikuwa anasema.

"Namna gani haiko yeye?"

"Kahindo mwenye nilikuambia iko mufupi. Iko na alama ya moto hapa ku mukono, tangu utoto. Ule aliangalia mukaka yake, mama ya baba yake, myaka na myaka, mpaka walimuzika, hakumusemea neno mubaya hata siku moja. Huyu, sijue hata ni ya Paluku gani."

Nikasikia kijiko kikizunguka kikombeni.

"Nikirudi," katekista akasema, "nitakutumia Kahindo ya kweli."

"Kunywa chai," akasema Mama Anjela, "itapoa."

Nimeishi miaka mingi tangu alasiri ile, nimezika watu, nimeona vita vikija na kurudi, na bado naweza kusema kwamba hakuna neno lililonichoma kama lile, *ya kweli*. Kwa hiyo yuko wa kweli. Mimi ni yule mwingine. Mungu hakuniita, aliita mtu mpole mwenye alama ya moto mkononi, na mimi kwa kiherehere changu nikaitika wito wa mtu, nikala chakula cha mtu, nikavaa jina la mtu. Na kama lile halikuwa jibu la maombi yangu, basi jibu lilikuwa kimya, nami nilikuwa nimemwambia mwenyewe: kama haiko, sema. Nilisimama na mti wa kutwangia mkononi, na kile kilichoniogopesha uani kwetu kati ya mbuzi kikanirudia chote, kikiwa kikubwa zaidi, maana sasa nilikuwa nimeonja kuwa mtu aliyetumwa.

Nilikusudia kuondoka siku ile ile, lakini chakula cha Mzee Ramazani kilikuwa kimekwisha kuiva, nami sina moyo wa kumwacha mtu na njaa hata nikiwa na hasira na Mungu. Nilimpelekea. Nilimkalisha, nikamnawisha, nikamfunulia sahani, machozi yananitoka bila ruhusa yangu. Akauliza nani amekufa. Nikamweleza yote, nikamaliza kwa kusema kwamba kesho labda atakuja Kahindo wa kweli, mwenye mikono mizuri, na yeye atapumzika na mawe yangu.

Mzee Ramazani hakunihurumia. Alikasirika. "Unasema walitaka mwengine? Na mie? Mie nilitaka bibi yangu! Kila siku nikifungua macho, nilitaka bibi yangu. Nikaona weye, murefu, na kichwa nguvu, na bundu kama tofali. Nilisema, Mola wangu, ni huyu?" Akatia tonge kinywani, akatafuna. "Sasa hesabu mwenyewe. Mayi, nani alileta? Ile siku ya homa, nani alipiga kelele mpaka munganga akakuya? Huyo wa kweli? Mie sijamuona. Mie dereva, nimebeba mizigo ya watu maisha yote, hapana jua nani atakula ile muchele. Kama ningengojea kujua, gari ingeoza. Leta mayi ya kunywa."

Nilirudi polepole nikiwa nimejifuta uso. Katekista alikuwa ameondoka. Mama Anjela alikuwa mlangoni na ungo wa maharagi, miguu yake imevimba juu ya kigoda, na aliponiona nikipita kwenda kuchukua mkoba hakuinua kichwa.

"Ulisikia," akasema.

"Nilisikia, Mama. Nitaenda. Uitishe ya kweli."

"Kaa."

Sikukaa. Nilisimama, nikamwambia kwa sauti kubwa kwamba hakuniita mimi, kwamba hakunijua, kwamba amenilisha bure, na nadhani majirani wote walisikia. Alingoja nimalize kama anavyongoja redio iache kukwaruza.

"Mie niliita Kahindo," akasema. "Kahindo alikuya."

"Mais haikukuwa mie!"

"Weye unajua nini? Katekista iko na Kahindo yake ku kichwa. Mie nilitoa jina ku radio, jina tu. Njia yenye ilipita mpaka ku sikio yako, ile haiko kazi yangu, na haiko kazi ya katekista." Akapepeta ungo, makapi yakaruka. "Na sombe umeacha mu kinu, inakauka. Ukienda, twanga kwanza."

Nikaenda kutwanga kwanza. Nilitwanga kwa nguvu zangu zote, nikipiga kinu kama nampiga katekista, na nilipomaliza ilikuwa wakati wa kupika, na baada ya kupika kukawa na mama mmoja wa Mabalako aliyeletwa na homa bila mtu. Hivyo ndivyo nilivyobaki. Sikuamua; kulikuwa na kazi. Kahindo wa kweli hakuja. Mke wa Mzee Ramazani alikuja, mvua zilipoisha, mwanamke mwembamba mwenye ushungi wa kijani, akaingia chumbani akanisukuma pembeni kwa bega bila kujua mimi ni nani, akamshika mumewe uso. Nililia kwa wivu na kwa furaha. Mzee alimwonyesha mimi kwa kidevu. "Ule nilitumiwa kwanza," akamwambia. Mwisho wa mwaka nilipanda Butembo. Kwa shangazi huko nikajifunza kuuza, nikaolewa na mtu mpole, nikafungua duka langu. Lakini kila juma naenda hospitali na sufuria, kuuliza nani hana mlinzi. Watoto wangu wanadhani ni tabia yangu. Madonge yaliisha, kwa taarifa yenu.

Lakini lile neno halikuisha. Maneno ya Mama Anjela niliyapokea kama maneno ya mtu mwema anayemfariji msichana. Mtu mwema atasema lolote. Sikumwuliza tena katekista, niliogopa kumpata huyo mwanamke na kumkuta amekauka maisha yake yote kwa kukosa nilichokichukua. Hata hivyo, nilipokwenda Musienene siku za soko kununua maharagi, kabla ya kuangalia maharagi niliangalia mikono ya wauzaji. Miaka yote hiyo. Nilikuwa natafuta alama ya moto, nikiomba nisiione.

Niliikuta nyumba ya bluu imejaa. Watu walikuwa wamefunga turubai uani, wanawake wa shirika la parokia wanaimba, na vyumba vya nyuma, nilivyovijua vikiwa na magunia ya makala tu, vilikuwa na familia zilizokimbia vita upande wa Mbau. Mama Anjela alikuwa amewapokea tangu njia ile ilipokuwa mtu haipiti bila kujikabidhi kwa Mungu. Redio ilikuwa bado juu ya kabati, imefungwa kwa mpira ule ule, au mtoto wa mpira ule. Mwili wake ulikuwa mdogo kuliko nilivyokumbuka. Nilikaa mkekani kati ya wanawake wazee wenzangu, na mmoja, mfupi, kilemba kimefungwa vizuri, akainua birika kunimiminia chai. Mkono wa nguo yake ukapanda. Kuanzia kifundoni mpaka karibu na kiwiko ngozi ilikuwa imejikunja, inang'aa, kovu la zamani sana.

Chai ikanimwagikia. Hakujua kwa nini, akaniomba radhi yeye. Nikamwuliza ametoka wapi.

"Musienene."

"Jina?"

"Kahindo."

"Ya kwa nani?" 

"Ya kwa Paluku," akasema, akitabasamu, kwa kuwa kwetu hilo halimwambii mtu kitu.

Nikamwuliza alimjuaje marehemu. Akatazama chini. Akasema hakumjua, hajawahi kufika Beni mpaka leo. "Aliniita mara moja ku radio," akasema polepole, "wakati nilikuwa musichana. Nilisikia vizuri. Asubuhi, mbele ya kwenda ku shamba. Nilikuwa nimetoka kuzika mukaka yangu. Myaka yote nilimugeuza, nilimuosha, sikulala. Nikasikia jina yangu na kazi iko inaningojea, nikajua ni kazi gani. Nikafunga radio. Nikaambia Mungu: hapana, si mie, nimechoka, tuma mwengine. Nikaenda kuchimba viazi." Alikuwa anasugua lile kovu kwa kidole gumba. "Tangu siku ile, radio ikisema Kahindo, ninatoka inje. Nilikimbia Mungu, dada yangu. Nimeolewa, nimezaa, nimelima, mais ndani najua nilikimbia, na kila mutu mwenye alikufa hapa peke yake ni juu yangu. Sasa radio ikasema amekufa. Nikasema, mara hii nitaenda. Hata kama iko maiti, nitaenda."

Nilimshika mkono, juu kabisa ya kovu, ule mkono niliokuwa nautafuta na kuukimbia sokoni. Nikamwambia aniangalie. "Ulisema tuma mwengine," nikamwambia. "Alimutuma. Niko hapa." Na nikamsimulia: jioni ya viazi, mbuzi uani, ukali wangu, uji wa asubuhi. Nikamwambia kwamba nilikuwa nimeomba kabla yake, jioni ya kuamkia siku ile, na kwamba wakati yeye anazima redio mimi nilikuwa nakunja vikwembe. Nikamwambia habari za Mzee Ramazani na za yule mama wa Mabalako, kwamba hawakufa peke yao, hawakufa hata kidogo. Alisikiliza kinywa wazi. Kisha akaanza kucheka na kulia pamoja, akijiziba kwa kikwembe kwa sababu tuko kwenye kilio, nami nikamfuata, wanawake wawili wazima tunatikisika mkekani, mpaka waimbaji wakatuangalia wakidhani tumezidiwa na uchungu.

"Kumbe ni weye," akasema.

"Kumbe ni weye," nikasema.

Mimi si padri, sijui Mungu hupangaje mambo yake. Najua tu kwamba maisha yangu yote nilidhani nimeingia mahali pa mtu, na mtu huyo alikuwa anaomba kwa machozi nipaingie. Mama Anjela alikuwa amelala pale chumbani, mikono kifuani, na nilitamani kumwambia kwamba hakuwa ananifariji, alikuwa anasema kweli tupu. Bila shaka angeniambia nikapike.

Na kweli, nje chini ya turubai, mwanamke mmoja aliyekuwa anagawa chakula aliishiwa sahani, akaita kwa nguvu, "Kahindo!"

"Niko!" nikaitika, na mwenzangu akaitika palepale, "Niko!" tukaanza kuinuka, tukishikana kwa sababu ya magoti. Lakini nyuma ya lile pazia la samaki sauti ya tatu ilikuwa imekwisha jibu, "Niko!" na msichana mmoja wa wale waliokimbia Mbau akatoka jikoni anajifuta mikono, sahani zimebanwa kwapani, akatupita sote wawili akaenda.